Mama Anataka Tuhamie FM

(Msomaji huyu ametuomba tufiche jina lake, la kaka yake na la mtaa wao. Tumemfichia.)

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na mbili, naishi Temeke na mama yangu mzazi. Niliolewa, nikaachika, nikarudi nyumbani na cherehani yangu. Hilo lilishapita na siwaletei hapa. Ninachowaletea ni habari ya redio. Wapo watakaocheka, na wacheke, lakini wanisome mpaka mwisho.

Kwetu salamu za redioni ni jambo kubwa. Kila alasiri kipindi kinapoanza, mama hataki cherehani ilie wala mtu akaange kitu. Anakaa mkekani karibu na redio ya marehemu baba na kusubiri jina la kaka yangu.

Kaka aliondoka kwa hasira miaka kadhaa iliyopita. Alitaka kumuoa mwanamke aliyekuwa akifanya kazi baa kule Sinza, aliyemzidi umri na mwenye mtoto tayari. Mama akakataa kupeleka posa. Nilikuwepo alipomwambia, "Ukimuoa huyo, katafute mama mwingine." Kaka akasema anakwenda zake kaskazini, machimboni, na tangu siku hiyo hatukupata neno lake. Hasira za mama hazikuvuka hata Ramadhani iliyofuata, ila wa kuambiwa hakuwepo. Ndipo tukaanza kutuma kadi za salamu. Mama anasema, mimi naandika, na ujumbe wake haubadiliki: "Rudi, nimeshakubali."

Stesheni tunayoitumia kadi inasikika nchi nzima, na mama anaamini hata machimboni wanaipata. Nanyi mnajua salamu zilivyo. Wa kwanza kutajwa ni mama, wanafuata ndugu, halafu marafiki, na anayerukwa anajijua. Mama husema siku kaka akituma kadi, yeye mama atajua kama amesamehewa kwa pale jina lake litakapowekwa.

Sasa zimekuja hizi redio mpya za FM. Wapenzi wa salamu wa mtaani kwetu wamehamia huko karibu wote, maana watangazaji wanataniana na kadi yako haikai sana kabla ya kusomwa. Redio ya baba haishiki FM, kwa hiyo sisi tulibaki tulipo. Sikujali.

Siku moja nilikuwa kwa jirani nampima gauni, amefungulia FM, saa ileile ya salamu. Nikasikia: "Mwana wa Bomba la Chini, wa Sinza, anamsalimu mama mkwe wake kipenzi, mke wake, watoto wake wote, na washikaji wa kijiweni." Pini zikanidondoka. Bomba la Chini ndilo bomba tulilokuwa tukichotea maji utotoni, na jina hilo kaka alijipa mwenyewe. Sijapata kusikia mtu mwingine akiitwa hivyo. Kumbe hayuko machimboni. Yuko mji huuhuu, ana mke na watoto, na wa kwanza kumtaja ni mama mkwe. Mama yetu hakuwemo kabisa.

Jirani akaniuliza, "Shoga, vipi, mbona umebadilika?" Nikamwambia pini imenichoma. Nilikwenda kulia chooni.

Nikatuma kadi hukohuko FM, mama hajui. Nilimwambia kaka mama anaumwa presha, miguu imevimba, ameshakubali kila kitu, aje. Ikasomwa. Nikawa nashinda kwa jirani kwa visingizio vya kushona, nasubiri jibu. Likaja. Aliwasalimu walewale, kisha mtangazaji akasoma, "Na ujumbe wake unasema, anayenitafuta aniache, mie mama ninaye." Wakacheka, wakaweka muziki. Siwalaumu, wangejuaje.

Msiniambie niende Sinza, nimeshakwenda. Niliulizia mpaka nikaoneshwa nyumba. Niliona nguo za watoto zimeanikwa kambani, nikasimama pale kama mdai. Niliogopa akinifukuza sitaweza kumficha mama uso wangu. Nikarudi nyumbani.

Ningenyamaza maisha, lakini juzi mama ameniita.

"Hivi nyie vijana si mmehamia redio mpya wote?"

"Wengi wamehamia, mama."

"Basi na kaka yako kahamia huko. Sie tunamsubiri pasipo na mtu."

Nikamwambia huko salamu zenyewe za kihuni. Akanijibu, "Hata za kihuni. Amtaje mama yake tu."

Amemwagiza mjomba amletee redio yenye FM, na mjomba ameahidi kuileta sikukuu ya Idi. Tangu aahidiwe, mama amechangamka. Anakula, anatembea mpaka uani, ananihimiza tuandike kadi ya huko mapema. Mimi ndiye nisiyelala. Nina hasira na kaka, na nikimkumbuka mama siku ile ya posa, nina hasira naye pia, halafu namtazama ile miguu, hasira yote inaniishia.

Ndugu zangu, tukihama atajua mwanawe yu hai, na atasikia nani anatajwa wa kwanza. Presha yake naijua. Nikimzuia, atakufa akisikiliza redio ambayo mwanawe haifungulii tena. Nishaurini kabla ya Idi, nifanye nini, maana peke yangu nimeshindwa.

Na wewe wa Sinza, ukisoma hapa utajijua. Kuanzia sikukuu mama atakuwa anakusikiliza. Mtaje, hata ukimweka wa mwisho.