Siku Ambazo Hazikupimwa

Marieta Sulle wa Masieda ana maneno, na hilo kata nzima inalijua. Ukimwuliza mvua ya jana ilikuwaje hatakwambia kubwa wala ndogo. Atakwambia milimita kumi na nane nukta nne, kisha akutazame kama vile umechelewa kuuliza. Kwa miaka ishirini na minane, kila siku saa tatu asubuhi, amekwenda kwenye uwanja wa kanisa la kigango, akafungua kigeti cha waya kinachozuia mbuzi, akainamia kipimamvua, akasoma na kuandika. Aliyemfundisha alikuwa padre mmoja mgeni aliyependa habari za mawingu kuliko chakula. Padre alipohamishwa alimwachia kipimo na daftari, akaenda zake. Sasa madaftari yamefika kumi na moja.

Amesoma hadi darasa la saba. Hilo nalo kata nzima inalijua, maana watu hawachoki kumkumbusha.

Ndipo mradi ukaja. Chuo kikuu kimoja kilishirikiana na wizara na wafadhili wa nje ili nchi iwe na takwimu zake yenyewe, isiwe kila mara inaazima za wengine. Kata chache za mbali zingepewa vituo vya kupimia hali ya hewa, kituo kikae sekondari, na wanafunzi wenyewe wawe wapimaji chini ya mkufunzi mmoja. Fulana za mradi ziliandikwa SAYANSI KWA WOTE. Marieta alipewa moja, ya kumtosha mtoto wa darasa la nne. Siku hiyohiyo akaonyeshwa fomu ya mkufunzi, na kwenye kisanduku cha elimu paliandikwa: stashahada na kuendelea.

"Sasa hawa wote ni akina nani?" aliuliza, kidole kikiwa kwenye maandishi ya fulana.

Aliyeulizwa alikuwa Wilbard, ofisa takwimu wa mradi, mtu wa Bukoba, mpole wa kupitiliza. "Mama, fomu hiyo sikuitunga mimi," alisema. "Ila madaftari yako ndiyo yatakayoleta kituo hapa. Kikishafika, nafasi yako nitaipigania mwenyewe."

Alimweleza masharti. Kata yenye kumbukumbu ndefu ndiyo itakayopewa kituo. Lakini kumbukumbu zikiwa na pengo la zaidi ya siku thelathini ndani ya masika, kata inatolewa, hakuna mjadala. Marieta alisikiliza, akanyamaza, na kunyamaza kwake si jambo la kila siku.

Kwa siku tatu Wilbard alikaa kwenye meza ya Marieta akipiga picha kurasa kwa simu, moja baada ya nyingine. Mvua za El Nino zilikuwepo, hadi siku ambayo kipimo kilifurika mara mbili. Ukame ulikuwepo. Kisha akafika mwaka 1999, akasimama. Kutoka tarehe tisa Machi hadi tarehe nane Mei ukurasa ulikuwa mweupe.

"Mama, hapa palikuwa na nini?"

"Sikupima."

"Siku sitini na moja?"

"Sikupima, baba. Andika hivyo."

Angeweza kumweleza, lakini kijana wa watu alikuwa anakunywa chai, na kuna maneno hayaendi na chai. Mwezi ule wa Machi alikufa Tadei, mwanawe wa miezi minne, kwa homa ya siku mbili. Kwa desturi za wazee nyumba iliyofiwa na mtoto ilijitenga. Watu wake hawakuingia kwa jirani, hawakuchota maji kisima cha wote, hawakukanyaga njia ya watu mpaka siku zitimie. Kanisani walihubiri kwamba mambo hayo yamepitwa, lakini mama mkwe hakuwa mtu wa kuhubiriwa. Kipimo kilikuwa kigangoni, ng'ambo ya njia ya watu. Marieta alikaa mlangoni na maziwa yakimuuma kifuani, akaitazama masika nzima ikishuka mahali asipoweza kufika. Hapakuwa na mwingine pale kijijini wa kusoma nukta. Alipofunguliwa alikwenda moja kwa moja kigangoni kabla hajamsalimu mtu, na kuanzia tarehe tisa Mei mwandiko unaendelea.

Siku ya mkutano wa kuonyesha kumbukumbu hizo walijazana bwalo la sekondari: wazazi, walimu, mwenyekiti wa kijiji, wanafunzi wamesimama ukutani. Alikuwepo Daktari Gaudensia, mtafiti wa chuo na mkuu wa mradi, mwanamke mfupi aliyemwamkia Marieta shikamoo kwa mikono miwili. Marieta na mumewe Bura waliwekwa viti vya mbele. Wilbard akawasha mashine, na ukutani ikatokea michoro ya miaka yote, nguzo za buluu zimepangwa mwaka hadi mwaka. Watu wakapiga makofi. Hii ndiyo mvua yetu, mtu mmoja akasema, na Marieta akajisikia vizuri kwa muda wa kama dakika nzima.

Kisha akaiona 1999. Ilisimama nzima, sawa na wenzake.

Akasimama.

"Namba za mwaka tisini na tisa umezitoa wapi?"

Wilbard alishusha sauti. "Mama, kaa kwanza. Nitakueleza tukitoka."

"Nieleze nikiwa nimesimama."

Ikabidi aeleze, uso umemshuka. Alichukua wastani wa miaka mingine na vipimo vya mjini Mbulu, akajaza zile siku. Ni kawaida, alisema, hata wakubwa hufanya. Bila hivyo Masieda ingetolewa, na yeye hakutaka itolewe kwa sababu ya ukurasa mmoja.

"Wakubwa wakijaza wanasema wamejaza?" aliuliza Marieta.

Daktari Gaudensia ndiye aliyejibu. "Wanapaswa kusema." Akamgeukia Wilbard. "Humu hukuandika."

"Sikuandika," alikiri.

"Basi hizo si zangu," alisema Marieta. "Hapo juu kuna jina langu, na chini yake kuna mvua niliyoipima mimi. Hii sikuipima."

Mwenyekiti wa kijiji alianza kukohoa kile kikohozi cha kumtaka mtu akae. Kutoka nyuma mzazi mmoja akasema kwa sauti kwamba mama huyu atawanyima watoto kituo kwa ubishi wake. Marieta aligeuka akalitazama bwalo zima. Alikuwa na hasira, na chini ya hasira kulikuwa na kitu cha zamani zaidi.

"Mnajua nilikuwa wapi. Wengi wenu mnajua, mlikuwa mnapita mbali na nyumba yangu," alisema. "Nilifiwa na mwanangu, anaitwa Tadei. Siku sitini na moja nimekaa ndani. Leo nikikubali kwamba nilikuwa kigangoni napima mvua, basi mwanangu alikufa lini? Mimi mama gani, niliyemzika mtoto asubuhi yake nikaenda kusoma nukta?"

Mwenyekiti akaacha kukohoa.

"Mama," alisema Wilbard, na machozi yalikuwa karibu, "zikitoka namba hizi, Masieda nayo inatoka."

"Basi itoke."

Daktari Gaudensia aliinuka, akaenda kwenye kompyuta mwenyewe. Alizifuta mbele ya watu, siku baada ya siku, na nguzo ya 1999 ikapungua huku wanatazama, mpaka ikabaki kipande. Hakuwadanganya. Alisema sharti ni sharti na yeye si mwenye uamuzi wa mwisho. Masieda inatolewa kwenye orodha ya kwanza. Angeandika wizarani Dodoma kulipinga sharti lenyewe, kwa sababu mpimaji anayesema hakupima ndiye anayeaminika anaposema amepima. Jibu hakuwaahidi. Alimwomba Marieta radhi, na Marieta akaipokea kwa kichwa.

Njiani kurudi, watu waliwapita bila salamu. Karibu na shamba la alizeti Bura alisimama.

"Umelitaja jina lake," alisema.

"Nimelitaja."

"Miaka ishirini na tano mimi sijaweza," alisema Bura, akamshika mkewe mkono mchana kweupe, jambo ambalo wazee wa kwao hawalifanyi.

Ungefikiri Marieta angekaa nyumbani kusubiri barua ya Dodoma. Jumatatu alikuwa sekondari saa mbili na nusu, amevaa kitenge cha kwenda kanisani, kipimo cha padre kikiwa kwapani. Mkuu wa shule alimwamkia kwa heshima, kisha akamwambia kwamba barua ya kumruhusu kufundisha haijatoka, na kwamba hata fomu yenyewe, mama anajua, inataka stashahada.

"Ikitoka utanikuta darasani," alisema Marieta, akapita.

Mwalimu wa sayansi alikuwa ameuchagulia mradi wanafunzi sita, wale wa nafasi za juu. Marieta alitaka darasa zima. Alipoona binti mmoja amekaa dawati la mwisho anaangalia dirishani, aliuliza, akaambiwa huyo ni Ludovika, hasikii, hivyo huwa wanamwacha apumzike. "Amechoka na nini?" Marieta aliuliza, akaenda kumshika mkono, akamleta mbele, akakiweka kipimo mikononi mwake. Maneno yote yaliyofuata aliyaandika ubaoni kabla ya kuyasema.

Walimimina maji ndani ya kipimo, wakasoma, wakagombana juu ya nukta. Kisha akaandika ubaoni: Siku ambayo hukwenda kupima, unaandika nini?

"Sifuri!" darasa likajibu kwa pamoja.

"Hapana. Sifuri ni siku umekwenda, umeinama, umetazama, hukukuta kitu. Hiyo ni kazi, umeifanya. Mimi nauliza siku ambayo hukwenda. Umeumwa. Umefiwa. Unaandika nini?"

Wakatazamana. Mmoja akasema waulize jirani, mwingine akasema wakadirie. Marieta alikuwa anaandika kila jibu ubaoni na kulikata. Ludovika aliyasoma majibu, akayaona yanavyokatwa, akasimama. Alichukua chaki mkononi mwa Marieta bila kuomba, akaandika kwa herufi kubwa zilizopinda: SIKUPIMA.

Marieta alilitazama neno lile muda mrefu kuliko darasa lilivyotegemea. Alipogeuka macho yalikuwa yamelowa, na hakuyafuta.

"Nakilini," alisema. "Na mtu yeyote akija kuwaambia mjaze, hata awe na gari la serikali, mwambieni aje kwanza aniulize mimi."