Protini Iliyobaki Kuua

Doto alikuwa mtafiti katika maabara ya chuo, kazi ambayo mama yake aliwaeleza majirani kuwa ni kuchungulia wadudu. Pacha wake, Kurwa, alikuwa muuguzi wa wodi ya walioungua moto.

Mchana mmoja, jikoni kwa mama yao, Kurwa alisukuma sahani pembeni.

"Kuna kitu kinanisumbua, pacha. Tunampa mgonjwa dawa, bakteria wanakufa, lakini nyama ya kidonda inazidi kuharibika. Nani anaiua sasa?"

Swali hilo likamng'ang'ania Doto kama kupe.

Akaanza kuwachunguza bakteria wale wale wa vidondani. Utando wao wa nje umejaa protini zenye tundu katikati, milango ya kupitishia chakula. Doto alishuku moja kati ya hizo. Akaitoa peke yake kwenye bakteria, akaitia rangi ya kijani. Kisha akachukua seli za binadamu, akazipaka nyekundu mitokondria zake, vile vinu vidogo vinavyoipa seli nguvu. Akachanganya, akainamia hadubini.

Rangi ya kijani haikubaki nje. Iliingia ndani ya seli, ikaelekea moja kwa moja kwenye nyekundu, na zilipokutana pakang'aa manjano. Taratibu mitokondria zikavimba, zikakatika vipande. Seli zikajikunja, zikafa. Doto alijikuta amesimama, kiti kimeanguka nyuma yake, wala hakukisikia.

Mkuu wa maabara, mzee mpole asiyeamini kitu upesi, alitazama na kutikisa kichwa.

"Rangi huvuja, binti yangu. Huenda unaona rangi peke yake, protini haipo hapo."

Hakukosea kuuliza. Doto akarudi mezani, safari hii akaibadilisha protini yenyewe mpaka tundu lake likaziba. Akairudisha kwenye seli. Ilifika kwenye mitokondria kama kawaida, ila hazikuvimba, na seli nyingi zikabaki hai. Ile yenye tundu wazi ikaua tena, bila bakteria hata mmoja kuwepo.

Mzee alirudi kwenye hadubini, akakaa hapo mpaka chai yake ikapoa. Akavua miwani.

"Haya. Kwa leo nimeishiwa maswali."

Doto alimpigia pacha wake huku anacheka. Kurwa akaja moja kwa moja kutoka zamu, sare mwilini.

"Kwa hiyo bakteria akifa bado anaua?" aliuliza, jicho kwenye hadubini.

"Akipasuka anamwaga vipande vya utando wake. Protini hii inaingia, inatoboa mitokondria, vya ndani vinavuja. Seli ikipata mvujo huo inauchukulia kama amri ya kufa. Inajiua yenyewe."

"Na tundu likizibwa?"

"Hapa kwenye kisahani, zinapona. Kwa mgonjwa sijui. Nahitaji majimaji ya vidonda vya kweli, nione kama protini hii imo."

Kurwa hakungoja kuambiwa mara mbili. Aliomba ruhusa kwa daktari wa wodi, akazungumza na wagonjwa mmoja mmoja, na waliokubali walikuwa wengi kuliko alivyotarajia. Sampuli za kwanza alizileta mwenyewe, ndani ya boksi la barafu alilolikumbatia kama mtoto mchanga. Doto alimpokea mlangoni, glavu tayari mikononi.

"Usilitikise," Kurwa akasema.

"Lete huku," Doto akajibu, na wote wawili wakaingia ndani karibu kwa kukimbia.