Mkalimani wa Sosiot

Nilipelekwa Sosiot, upande wa Kericho, nikiwa na miaka ishirini na mmoja. Kanisa letu lilituma vijana wawili wawili kujitolea kwa miaka miwili, lakini mwenzangu alikuwa ameugua akarudi kwao, na wa kushika nafasi yake hakuwa amepatikana. Nilipanga chumba nyuma ya duka la mbolea. Mimi ni mtu wa upande wa ziwa. Kipsigis changu, lugha ya wenyeji, kilikuwa cha salamu na shukrani, chamgei na kongoi, basi. Kwa mengine nilitegemea Kiswahili, na Kiswahili kilipokwama nilitegemea wenyeji wa nyumba niliyoitembelea wanitafsirie.

Wiki ninayoikumbuka ilikuwa ya mwisho kabla ya ubatizo wa mume na mke waliokuwa na shamba dogo la chai ng'ambo ya kijito. Nilikuwa nimewafundisha kila Jumatatu kwa miezi kadhaa. Mume alikuwa wa miaka arobaini hivi, aliwahi kuwa karani wa kupima majani, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mke alijua Kiswahili cha sokoni tu. Kwa hiyo mimi nilisoma na kueleza, mume akamgeuzia mkewe kwa Kipsigis, naye mke akaitikia kwa kichwa. Mara nyingine nilieleza jambo refu, mume akalimaliza kwa maneno matano. Mara nyingine nilisema sentensi moja, naye akaendelea mpaka chai ikapoa. Nilidhani ndivyo lugha yao ilivyo.

Kwenye ripoti niliandika kwamba familia hiyo imeiva. Kiongozi wangu, aliyekaa Kericho mjini, aliniagiza niwatembelee karibu kila siku wiki hiyo ili wasipoe.

Jumatatu mke alituandalia chai ya maziwa, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango akichambua maharagwe. Niliuliza kama ana swali. Mume alijibu kwamba hana. Niliona amekonda, nikafikiri ni kazi ya kuchuma, maana majani yalikuwa mengi msimu huo.

Jumanne nilishinda kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba kubwa la chai, kwa watu wa kwetu. Walinipikia omena, dagaa wa ziwani, tukaongea lugha ya mama. Hakuna niliyemfundisha kitu pale. Walibatizwa utotoni, na nyimbo walizijua kunishinda. Niliwatembelea kwa sababu kule sikuhitaji kufikiria kila neno kabla ya kulisema.

Jumatano mvua ya mawe ilianza saa nane, kama kawaida ya kule, na sauti ya mabati ikatunyamazisha. Tulikaa watatu tukitazama shamba likigeuka jeupe. Ilipopungua, mume alitoka kwenda kuona chai imeumia kiasi gani. Nilibaki na mke. Alisimama mbele yangu, akasema kwa Kiswahili, polepole:

"Mwalimu, mama yangu mgonjwa."

Nilimpa pole, nikamwambia tutamwombea. Alinitazama kama mtu anayengoja niendelee. Kisha akarudia: "Mama yangu mgonjwa. Boito."

Niliomba. Nilimwombea mama yule kwa sauti, kwa maneno mazuri, macho nimeyafumba. Mke akasema amina, akachukua ndoo, akatoka.

Alhamisi mume aliitwa kwenye mkutano wa wakulima. Sikujua mpaka nilipofika. Lakini jirani yao alikuwa pale, mama wa makamo aliyefundisha darasa la gumbaru, lile la watu wazima wanaojifunza kusoma. Alijitolea kunitafsiria. Somo lilikuwa la ahadi ambazo mtu huziweka anapobatizwa, na lilikwenda haraka. Mwishoni niliuliza, kwa mazoea, kama kuna swali.

Mke alizungumza kwa muda mrefu. Sikuwahi kumsikia akisema maneno mengi hivyo. Jirani alimsikiliza mpaka mwisho, akanigeukia.

"Anauliza ni lini utamruhusu aende kuona mama yake."

Nilisema sijawahi kumkataza.

"Anasema ni wewe ulisema. Tangu wakati wa kupanda mahindi. Kwamba mama yake anapika pombe, na mtu akiingia kwa nyumba ya pombe, ubatizo hautamshika."

"Mwambie sikusema hivyo."

Akamwambia. Mke hakulia wala hakukasirika, kwa kadiri nilivyoweza kuona. Aliuliza neno moja fupi, na jirani akalitafsiri: hata mara moja?

"Hata mara moja," nikasema.

Mke aliinuka, akatumiminia chai. Alipomaliza aliniambia mwenyewe, bila mkalimani: "Kesho naenda."

Nilirudi chumbani nikakaa. Niliona aibu, lakini sikujua hasa ni ya nini. Nilikuwa nimeambiwa siku iliyotangulia, kwa lugha ninayoielewa, jina la mahali likiwamo. Mwanamke alikuwa anaomba ruhusa, na mimi nikampa maombi.

Ijumaa asubuhi nilimkuta mume kwenye chai, kikapu mgongoni. Mke alikuwa ameondoka na gari la kwanza. Mume alijua yote. Jirani alikuwa amemweleza jana yake jioni. Hakuacha kuchuma aliponiona. Alinieleza bila kunitazama kwamba mama mkwe wake aliwahi kusema mbele ya watu wa ukoo wake kwamba binti yake ameolewa na mtu wa kukaa, kwamba chai anachuma mke na bwana anacheza bao sentani, kule madukani. Tangu siku hiyo hakutaka mkewe akanyage kule. Alimkataza, mke akaendelea kwenda. Kisha nikaja mimi na kitabu.

Nilimwambia alitumia jina langu kusema uongo.

"Mwalimu, wewe ulisema tuache mambo ya zamani," alisema. "Mimi nilimwambia ya kwetu ni yapi."

Ni kweli nililisema. Ilikuwa somo la tatu, na nilifurahia nilivyolisema. Sikuuliza ni mambo gani ya zamani waliyokuwa nayo.

Nilishuka Kericho mjini siku hiyo hiyo kumwona kiongozi. Alinisikiliza, akauliza kama tunaweza kumbatiza mume peke yake Jumapili, kwa kuwa maandalizi yamekamilika. Nilikataa. Sikuwa nimewahi kumkatalia mtu aliyenizidi cheo kanisani. Aliandika kitu kwenye daftari lake, akaniaga vizuri.

Jumapili mume alikuja hata hivyo. Alikaa nyuma, amevaa koti. Ibada ilipoisha alinifuata nje, akaniomba niende naye Boito kumrudisha mke. Nilimwambia hayo ni mambo ya familia.

"Hataniamini," alisema. "Nataka useme kwa mdomo wako."

Tulikwenda Jumatatu. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye kitanda karibu na jiko, amefunikwa blanketi mbili, mke ameketi miguuni pake. Mume hakuingia, kwa heshima ya mkwe alisimama mlangoni, uso ameuelekeza uani. Ndugu ya mke, aliyewahi kufanya kazi Nairobi, alisimama kando akisikiliza.

Nilisema kwa Kiswahili kwamba sikumkataza binti huyu kuja kwao, kwamba maneno hayo yalikuwa ya mumewe, na kwamba mimi nina kosa la kutouliza. Nilimtazamia yule ndugu atafsiri. Hakufungua mdomo. Mume ndiye aliyetafsiri, akiwa pale pale mlangoni. Alipofika mahali pa kujitaja alisita, kisha akasema. Ndugu ya mke alinitazama, akaitikia kwa kichwa kuonyesha kwamba yamesemwa kama nilivyoyasema.

Mama mkwe akamwambia binti yake awape wageni mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni. Mume alipokea kikombe chake akiwa nje, akanywa akiwa amesimama.

Mke hakurudi nasi. Alikaa Boito wiki mbili, mpaka mama yake akaweza kukamua ng'ombe mwenyewe, kisha akarudi Sosiot kwa hiari yake. Hawakubatizwa wakati wangu. Mwezi uliofuata nilihamishiwa Fort Ternan, na habari zao nilizipata kwa barua moja ya yule mama wa gumbaru. Aliandika kwamba mke amejiandikisha kwenye darasa lake na anasoma vizuri, na kwamba mume huja kanisani baadhi ya Jumapili. Kama waliwahi kubatizwa baadaye, sikuambiwa.