Kokoda ya Siku ya Mia

Siku ya mia tangu amzike mumewe Netani, Vilimaina alipanda meli peke yake kutoka Savusavu hadi Suva. Alikwenda kula kokoda, samaki wa ndimu na tui, chakula alichokipenda marehemu, ambacho yeye mwenyewe alikuwa amejinyima siku zote hizo kama ada ya wafiwa. Netani alifanya kazi Suva miaka tisa, akivisifu vibanda vya kokoda vya huko. Vilimaina akaonja katika vitatu. Katika cha nne, muuzaji akamkaribisha kwa bashasha.

"Hebu nionjee chumvi, dada. Mimi nimejinyima mpaka jioni, zitimie siku mia."

"Pole, mwenzangu. Umefiwa na nani?"

"Mume wangu, Netani. Ndugu zake walimpeleka Savusavu, mazishini hata sikuitwa."

Vilimaina akalitazama bakuli.

"Chumvi imekolea," akasema, na kijiko hajakigusa.