Dada Yangu Ameniuliza Kwa Nini Sikwenda Sekondari

Admin, nifichie jina, maana watu wa Kisarawe wakiliona watanijua. Mimi ni bibi wa miaka sitini na mbili, mjane, ninaishi Kibaha na dada yangu mkubwa. Nitamwita Zena. Zena hasikii wala hasemi. Ni homa ya utotoni iliyomwacha hivyo.

Tulikulia upande wa Maneromango, kijiji cha ujamaa. Serikali iliposema kila mtoto aende shule, baba alitupeleka wote wawili. Mwalimu mkuu akamtazama Zena, akasema, "Mzee, huyu nitamfundishaje? Labda mdogo wake akae naye dawati moja, awe anamweleza." Basi ndivyo nilivyosoma, macho ubaoni, mikono ikimwambia dada yangu. Kwenye hesabu alikuwa ananipita. Kwenye imla, mwalimu keshafika mbali yeye bado anangoja mikono yangu. Tukachapwa wote, yeye kwa kukosa, mimi kwa kuchezacheza darasani.

Darasa la saba, kati ya wasichana nikachaguliwa mimi peke yangu, sekondari ya bweni huko bara. Zena hakupita. Baba akasema, "Mwanangu, ukienda, Zena atabaki na nani? Sisi wenyewe hatumwelewi." Mama alilia lakini hakumpinga. Baba akamwonyesha Zena kwa ishara kwamba sote tumeshindwa. Alinifuta machozi akidhani nalilia mtihani, akaniambia tutalima pamoja.

Nikalima. Nikaolewa palepale kijijini nisiwe mbali naye. Sikumwambia kamwe kwamba nilichaguliwa. Zipo siku nilimchukia, nipo shambani napalilia mihogo, halafu anageuka ananichekea, naona haya.

Mwezi uliopita kwenye hitima ya ndugu yetu, mama mmoja tuliyesoma naye akasema mbele za watu, "Huyu angekuwa mtu mkubwa, alikatishwa shule kwa ajili ya dada yake." Mjukuu wangu, aliyelelewa na Zena na kuzoea kuongea naye kwa mikono, akamweleza Zena yote bila kujua kwamba ilikuwa siri. Zena akanigeukia, akauliza, "Ni kweli?" Nikainuka nikaenda jikoni.

Tangu siku ile mikono yake iko mapajani. Hanisemeshi. Juzi nimekuta amefunga nguo zake kwenye kanga, anataka kurudi kijijini, kwenye nyumba isiyo na mtu.

Nikimwambia ndiyo, atajilaumu mpaka anaingia kaburini, na yeye hakuniomba nibaki. Nikikataa atajua namdanganya, maana uso wangu anaujua kuliko mtu yeyote. Na kweli yenyewe ni kwamba kukosa shule kuliniuma, kunaniuma mpaka leo, na bila yeye pia nisingeweza kuishi. Hayo yote mawili nitamwambiaje kwa mikono hii?

Yupo hapa mkekani, ananitazama ninavyoandika. Wanangu, nishaurini, nimjibu nini?