Muziki wa Gemu Kwenye Harusi ya Dada

Mwalimu wangu wa muziki hakuwa Mbelgiji wala Mkongomani. Alikuwa Mjapani aliyetunga muziki wa gemu ambalo mimi na dada yangu tulilicheza utoto wetu wote, katika fleti yetu ya Ixelles, Ubelgiji. Jina lake lilitokea mwishoni, kwa herufi ndogo kama chawa, na kuliona ilibidi kwanza ushinde. Nilishinda mara nyingi kuliko dada, naye hajakubali hadi leo.

Baadaye nilisoma kwamba mashine ya zama zake ilimpa sauti tatu tu kwa wakati mmoja. Kwa hizo tatu alitunga muziki unaofika mwisho na kurudi mwanzo bila wewe kugundua mshono uko wapi, kwa sababu hakujua mchezaji atakaa pale dakika moja au saa nzima. Niliufuata kwa sikio kwenye kinanda mpaka vidole vikaniuma. Papa, yaani baba yetu, aliyelelewa na kwaya za Lubumbashi, aliuita kelele.

Mwaka jana dada akaolewa, na akataka aingie ukumbini kwa muziki ule ule, nikipiga mimi. Papa aliwaka.

"Non! Harusi ya mutoto yangu haiwezi kuingia na musique ya jeu."

Dada akasema basi haingii kabisa. Papa akanigeukia mimi.

"Bon. Lakini ukitupatisha haya mbele ya belle-famille, mbele ya wakwe, ile piano inatoka mu nyumba yangu."

Nilijua hatanii, na kinanda kile kilikuwa maisha yangu. Nikaogopa. Badala ya kumwamini Mjapani, nikatunga mwisho wa heshima, wenye vishindo kama vya kanisani. Kisha nikaenda ukumbini, kule Evere, nikatembea kutoka mlangoni hadi jukwaani huku nikitazama saa. Dakika mbili, basi mwisho wangu nikauweka hapo. Jamani, nilipima kwa miguu ya Kibelgiji! Maharusi wetu hawatembei. Wanacheza, hatua mbili mbele, moja nyuma, na wapambe wao wote vilevile.

Nilipopiga vile vishindo vya mwisho, dada alikuwa ndiyo kwanza anapita meza ya kwanza. Ukumbi mzima ukanigeukia. Papa akasimama, akaanza kuja, nami nikajua kinanda kimekwenda.

Sikusubiri afike. Nikautupa ule mwisho wangu, nikarudi mwanzo, nikaupiga wa Mjapani kama alivyokusudia. Mzunguko wa pili, wa tatu, wa nne. Mpiga ngoma wa kwaya iliyoalikwa akanifuata, maman mmoja akapiga kigelegele, na maharusi wakajua hakuna wa kuwaharakisha. Dada, muumini wa mwenda pole hajikwai, alichukua nusu saa nzima, na muziki haukumwishia hata mara moja. Nilifurahi mpaka nikacheka peke yangu.

Papa alikuwa amekwama katikati ya njia. Bega lake moja likatikisika, la pili likafuata. Akafika kwenye kinanda akicheza, jasho tele, akainama sikioni kwangu.

"Usikatishe tena, unasikia? Endelea!"

Maharusi walipoketi, alimshika mkono baba wa bwana harusi, akamleta hadi mbele yangu, nami bado napiga, akamwambia kwa heshima:

"Papa, unamuona ule wa piano? Ule njo mutoto yangu. Miye njo nilimuzala."

Nilikosea noti mbili pale pale, na sikujali.