Meneja alitaka tubadilishe wimbo wa marehemu uwe tangazo, nikaenda kumuuliza mjane wake

Wakuu, habari za mchana.

Hili limenipata mimi mwenyewe, sijasimuliwa. Naliweka hapa kwa ajili ya wanaopiga kopi, yaani nyimbo za wengine, kama mimi.

Mimi ni mwimbaji. Bendi yetu ina watu wanne, na kila Jumamosi mchana tulikuwa tunapiga kwenye loji moja Usa River. Nyimbo nyingi ni za watu. Kwa kupiga tu sikuwa na wasiwasi, loji ina leseni ya muziki.

Kuna wimbo mmoja wageni waliupenda sana. Aliutunga mzee wa huku Meru, sasa ni marehemu, alipokuwa anamuaga binti yake Elipendo anaolewa. Send-off za huku usipoupiga wanakushangaa.

Meneja akaja na wazo: tutoe jina la Elipendo, tuweke la loji, halafu aturekodi kwa ajili ya tangazo.

Nikamwambia leseni yake ni ya kupiga. Kubadilisha maneno na kutengeneza tangazo ni mpaka mwenye wimbo akubali.

Akasema, "Mwenyewe si alishakufa? Nani atalalamika?"

Iliniuma. Wenzangu waliogopa kukosa kazi, na siwalaumu, wana familia.

Jumatatu nikachukua boda nikapanda hadi kwa mjane wa yule mzee. Nilimkuta anakatia ng'ombe majani. Nikamwamkia, nikajieleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, wala hakuuliza ni loji gani.

Akasema, "Imbeni tu, mwanangu. Watu wakicheza nafurahi. Ila Elipendo naye tulishamzika. Siku hizi ni kwenye wimbo huo tu ninaposikia mtu akimwita. Msilitoe jina lake."

Nikamshukuru, nikashuka.

Jumamosi nikamweleza meneja tukiwa tunapanga vyombo kabla ya kupiga. Nikamwambia tuko tayari kumtungia wimbo wake mpya kabisa. Hakutaka. Akasema kama hatuimbi anavyotaka, tusirudi.

Nikageuka kuwaangalia wenzangu. Mpiga gitaa alikuwa ameshaanza kukunja waya zake. Hapo nikajua tuko pamoja.

Sasa tunapiga kwenye mgahawa mmoja Daraja Mbili. Ni padogo, na kuna siku tunajipigia wenyewe. Ila tupo.

Nilichojifunza: kuimba wimbo wa mtu ni jambo moja, kuugeuza ni jingine. Na mtunzi akifa, haki inabaki kwa familia yake. Nendeni mkaulize, mlango upo.

Mnaopiga mahotelini na harusini, mmeshaombwa kitu kama hiki? Mlijibuje? Anayeona nilikosea naye aseme, nasoma zote. Ila yule meneja akinipigia hata leo, jibu ni lile lile.